Jinsi Kisanduku cha Umeme Kinavyochunga Halijoto ya Hamira

Ndoo yenye lita 20 za togwa tamu ya kimea cha shayiri imetiwa hamira jioni, kisha ikawekwa pembeni mwa chumba chenye nyuzi 20 za Sentigredi. Hakuna jiko chini yake, wala jua haliifikii. Hata hivyo, siku ya pili kipimajoto kilichotumbukizwa ndani yake kinaonyesha nyuzi 24. Joto hilo limetoka wapi?

Jibu la swali hili ndilo linaloeleza kwa nini watu wanaotengeneza bia nyumbani, hasa katika Uingereza na Marekani, hujiundia visanduku vya umeme vya kuchungia halijoto. Kisanduku cha namna hiyo ni kidogo, na vifaa vyake si vingi. Lakini ndani yake yamo mambo mengi ambayo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mbalimbali katika biolojia, kemia na fizikia. Na yumo pia adui asiyesamehe kosa, yaani umeme ulio karibu na maji.

Tanuri lisilo na moto

Hamira ni viumbe hai vidogo sana vya jamii ya kuvu. Vikiwekwa ndani ya maji yenye sukari pasipo hewa ya kutosha, huivunja sukari hiyo ili vipate nguvu za kuishi. Katika kazi hiyo hutoa alkoholi na gesi ya kabonidayoksaidi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Sehemu ya nguvu iliyokuwamo katika sukari hutumiwa na hamira kwa ukuaji wake, na nyingine hutoka kama joto. Kiasi cha joto hilo ni karibu kilojuli 100 kwa kila moli moja ya glukosi.

Sasa yafaa kupiga hesabu. Tuseme lita 20 za togwa zina kilo 2 za sukari inayoweza kuchachuka. Gramu 2000 zikigawanywa kwa 180 ni moli 11 hivi, nazo hutoa karibu kilojuli 1100 za joto. Kwa upande mwingine, kilo 20 za maji huhitaji kilojuli 84 ili halijoto yake ipande kwa digrii moja, kwa sababu kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2. Ukigawanya 1100 kwa 84, unapata digrii 13. Maana yake ni kwamba, kama joto lote lingebaki ndani ya ndoo, togwa iliyoanza kwenye nyuzi 20 ingemaliza kwenye nyuzi 33.

Kwa kweli sehemu kubwa ya joto hilo hupotea hewani, na kwa hiyo kupanda huwa ni kwa digrii chache tu. Ajabu yake ni kwamba chanzo chenyewe ni dhaifu sana. Uchachukaji ukidumu siku tatu, kilojuli 1100 ni sawa na wati 4 na kidogo, pungufu ya taa ndogo ya mezani. Ila taa hiyo haizimwi usiku wala mchana, nayo huwaka kwa nguvu zaidi katika siku za kwanza, wakati hamira inapoongezeka upesi.

Digrii chache zina madhara gani? Hamira itumiwayo kwa bia za aina ya eli, ambayo jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae, kwa kawaida hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ile ya bia za laga, Saccharomyces pastorianus, hupendelea baridi ya nyuzi 9 hadi 13 hivi. Halijoto ikizidi, hamira hukua kwa pupa na kutoa kwa wingi kemikali za esta, ambazo zina harufu ya matunda, pamoja na alkoholi nzito ambazo zina ladha kali ya kuunguza koo. Halijoto ikipungua mno, hamira hulala, na sukari hubaki bila kuvunjwa. Baya zaidi ni halijoto inayopanda na kushuka ovyo, kwa maana matokeo ya leo hayatafanana na ya mwezi ujao.

Kutoka pangoni hadi jokofuni

Jambo hili lilijulikana kabla ya sababu zake kujulikana. Huko Bavaria, katika Ujerumani ya kusini, amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia katika miezi ya joto. Kazi iliruhusiwa tu kuanzia tarehe 29 Septemba hadi 23 Aprili. Wapishi wa bia walichimba mahandaki ya kuhifadhia mapipa, na wakati wa baridi walikata barafu katika maziwa ili iwafae wakati wa joto.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19. Katika miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde aliunda mashine za kupozea kwa ajili ya viwanda vya bia. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kukuza hamira safi kutokana na chembe moja tu. Tangu hapo mpishi wa bia aliweza kuchagua hamira yake, na pia kuchagua halijoto yake.

Uwezo huo ulikaa viwandani kwa muda mrefu. Nchini Uingereza mtu aliyetaka kupika bia nyumbani alihitaji leseni hadi mwaka 1963, sharti hilo lilipoondolewa. Nchini Marekani sheria ya taifa iliyoruhusu kazi hiyo ilitiwa saini mwaka 1978. Baada ya hapo wapishi wengi wa nyumbani waligundua kwamba jokofu la zamani, ambalo halitumiki tena jikoni, laweza kuwa handaki lao la Bavaria. Tatizo lilikuwa moja: jokofu la chakula limeundwa ili lidumishe nyuzi 4 hivi, na katika baridi hiyo hamira ya eli hulala. Hapakuwa na budi kulipa jokofu bwana mwingine, wa kuliamuru liwake lini na lizimike lini. Bwana huyo ndiye kisanduku cha umeme.

Jicho, akili na mkono

Kisanduku kina sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni kihisio, ambacho ni jicho lake. Mara nyingi hiki huwa ni thamista, yaani kikinza ambacho ukinzani wake hubadilika sana kufuatana na halijoto. Thamista ya kawaida ya kazi hii ina ukinzani wa omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Ikipozwa hadi nyuzi 0, ukinzani hupanda karibu mara tatu. Badiliko kubwa kama hilo ni rahisi kupimwa.

Sehemu ya pili ni kidhibiti chenyewe, ambacho ni akili. Hupima ukinzani wa thamista, huugeuza kuwa nyuzi za halijoto, kisha huzilinganisha na kiwango kilichowekwa na mtumiaji.

Sehemu ya tatu ni rilei, ambayo ni mkono. Ndani yake mna koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma. Mkondo mdogo ukipita katika koili, chuma huwa sumaku na kuvuta kipande kingine cha chuma, nacho hugusanisha ncha mbili ambazo zaweza kupitisha mkondo mkubwa. Kwa njia hii akili yenye nguvu ya volti chache hutawala jokofu la volti 230 bila ya umeme wa pande hizo mbili kukutana. Kisanduku kamili huwa na rilei mbili: moja ya kuwasha jokofu, na nyingine ya kuwasha kipasha joto kidogo, kwa ajili ya usiku wa baridi.

Pengo na subira

Mtu aweza kudhani kwamba kidhibiti kizuri ni kile kinachowasha jokofu mara tu halijoto inapopita nyuzi 20 na kulizima mara tu inaposhuka chini ya hapo. Kidhibiti cha namna hiyo kingeliua jokofu kwa siku chache. Halijoto hutikisika kidogo wakati wote, na rilei ingekuwa inawasha na kuzima bila kupumzika.

Kwa sababu hiyo huwekwa pengo. Kiwango kikiwa nyuzi 20 na pengo likiwa nusu digrii, jokofu halitawaka mpaka ifike 20.5, na litazimika kwenye 20. Kipasha joto nacho hakitawaka mpaka ishuke hadi 19.5. Katikati ya mipaka hiyo vyote viwili hukaa kimya. Bila pengo, jokofu na kipasha joto vingeweza kushindana usiku kucha, kimoja kikipoza na kingine kikipasha, huku mita ya umeme ikizunguka bure.

Pamoja na pengo, kompresa ya jokofu yahitaji kusubiriwa. Inapozimika, kimiminika cha kupozea hubaki kimebanwa kwa shinikizo kubwa upande mmoja wa mabomba. Ikiwashwa tena papo hapo, mota hushindwa kuzunguka dhidi ya shinikizo hilo, huvuta mkondo mkubwa, na hupata moto. Ndiyo maana kidhibiti hupewa amri ya kungoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kuiwasha tena, ili shinikizo la pande zote mbili lilingane.

Mahali pa kuweka kihisio ni jambo jingine linalohitaji kufikiriwa. Kikining'inizwa hewani ndani ya jokofu, kitapima hewa, si togwa. Hewa hupoa kwa dakika chache, lakini togwa ni nzito. Ikiwa jokofu laweza kuondoa joto kutoka katika ndoo kwa kiasi cha wati 50, kushusha digrii moja ya lita 20 huchukua dakika 28. Kihisio cha hewani kitasema kazi imekwisha ilhali togwa haijapata habari. Yafaa kibandikwe ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa togwa, na kifunikwe kwa kipande cha sponji ili kisidanganywe na hewa.

Njia za umeme ndani ya kisanduku

Umeme wa nyumbani huja kwa waya tatu: waya wa moto, waya wa nutro na waya wa ardhi. Kila mmoja una njia yake ndani ya kisanduku.

Waya wa moto hupita kwanza katika fyuzi, kisha katika swichi kuu. Baada ya hapo hugawanyika mara tatu: tawi moja hulisha kidhibiti, na matawi mawili huingia katika rilei, moja kwa kila rilei. Kutoka upande wa pili wa rilei ya baridi waya huenda kwenye soketi ya jokofu. Kutoka rilei ya joto huenda kwenye soketi ya kipasha joto. Waya wa nutro hauingii katika rilei. Huenda moja kwa moja kwenye kidhibiti na kwenye soketi zote mbili. Waya wa ardhi hufungwa kwenye soketi zote mbili na kwenye kisanduku chenyewe pamoja na kifuniko chake, kama ni vya bati. Waya huu haukatwi na swichi wala fyuzi yoyote.

Kwa nini rilei ikate waya wa moto na si nutro, ilhali kukata wowote kati ya hizo huzima chombo? Kwa sababu nutro ikikatwa, mota itasimama lakini umeme utaendelea kungoja ndani ya chombo. Mtu atakayekigusa akidhani kimezimwa atakuwa yeye ndiye njia ya umeme kwenda ardhini.

Hesabu ya mikondo ni rahisi. Jokofu la wati 150 kwenye volti 230 huchukua pungufu kidogo ya ampia 0.7, kipasha joto cha wati 60 huchukua kama ampia 0.26. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kwa kitambo kidogo. Kwa hiyo rilei ya ampia 10 huchaguliwa, na fyuzi isizidi uwezo wa rilei wala wa waya. Fyuzi ndiyo inayopaswa kuyeyuka kwanza; ikiwa nene mno, waya ndio utakaoyeyuka, na nyumba ikaungua.

Rangi zinazoweza kuua

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kuliangalia kwa makini. Michoro mingi ya visanduku hivi imetoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120. Katika nchi hiyo waya mweusi ndio wa moto, mweupe ni nutro, na wa kijani ni wa ardhi. Katika Tanzania na Kenya, nyumba zilizofungwa umeme kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza zina waya mwekundu wa moto, mweusi wa nutro na wa kijani wa ardhi. Utaratibu mpya hutumia kahawia kwa waya wa moto, buluu kwa nutro, na kijani chenye mistari ya manjano kwa ardhi.

Basi waya mweusi, ambao kwa Mmarekani ni wa moto, katika nyumba ya zamani ya Dar es Salaam au Mombasa ni nutro. Anayefuata mchoro wa kigeni kwa rangi tu, bila ya kujua kazi ya kila waya, ataziweka rilei kwenye nutro na kuuacha waya wa moto wazi daima. Kisanduku kitafanya kazi vizuri, taa zitawaka, jokofu litapoza, na hakuna atakayeshuku lolote mpaka siku ya kugusa. Rangi ni lugha, na lugha hutofautiana nchi na nchi. Kinachoaminika ni kipimo. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni, naye hupima kila waya kabla ya kuufunga.

Hatari huongezeka kwa sababu uchachukaji ni kazi ya majimaji. Povu hufurika, ndoo huoshwa, mikono hulowa. Ukinzani wa mwili uliolowa waweza kushuka hadi omu 1000 hivi. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 1000 ni miliampia 230, na mkondo ulio chini sana ya huo hutosha kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya ampia 10 haitaona lolote, kwa kuwa miliampia 230 ni pungufu ya robo ampia. Fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu.

Anayemlinda mtu ni waya wa ardhi pamoja na swichi ya kinga dhidi ya uvujaji. Swichi hiyo hulinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nutro. Ikiwa vyote viko salama, mikondo hiyo ni sawa. Tofauti ikifika miliampia 30, maana yake umeme fulani umepata njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, na swichi hukata mara moja. Kisanduku chenyewe huwekwa juu ya usawa wa ndoo, mbali na matone, na kila waya unapoingia hubanwa kwa ringi ya mpira ili usivutike wala usipitishe maji.

Somo kwa darasa

Kisanduku hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya bia peke yake. Kikiwekwa kwenye nyuzi 43 hivi, huchunga maziwa yanayogeuka kuwa yogati. Kikiwekwa kwenye nyuzi 37.5, hutamia mayai ya kuku kwa siku 21. Majokofu ya chanjo, ambayo hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, hufuata kanuni hiyo hiyo ya kupima, kulinganisha na kutenda.

Wanafunzi waweza kujifunza kanuni hiyo bila kileo na bila umeme wa ukutani. Kinachohitajika ni betri ya gari ya volti 12, balbu ya gari ya wati 21, swichi, sanduku la katoni na kipimajoto. Balbu hufungwa ndani ya sanduku pasipo kugusa katoni, na mwalimu husimamia. Mwanafunzi mmoja husoma kipimajoto, na mwingine hushika swichi. Hao wawili ndio kidhibiti. Kundi la kwanza hupewa amri ya kudumisha nyuzi 35 kamili, likiwasha chini ya hapo na kuzima juu ya hapo. Kundi la pili hupewa pengo: liwashe kwenye nyuzi 34, lizime kwenye 36. Kila kundi huandika halijoto kila baada ya nusu dakika kwa muda wa nusu saa, huhesabu mara ilizowasha, na huchora grafu.

Grafu zitaonyesha kwamba kundi la kwanza lilihangaika zaidi, na bado halijoto haikusimama mahali pamoja, kwa sababu sanduku huendelea kupata joto kidogo hata baada ya balbu kuzimwa. Kutokana na hapo mwanafunzi ataelewa ndoo ya togwa iliyopata joto bila moto, na ataelewa pia kwamba kudhibiti si kulazimisha kitu kisitikisike kamwe. Ni kujua kinatikisika kwa kiasi gani, kukiwekea mipaka inayofaa, na kuwa na subira kati ya mipaka hiyo.